Mulembe: siku saba kutoka Likoni hadi Nabugoye

Jumatano. Likoni, Miritini, Nairobi

Nimevuka na feri ya alfajiri, begi moja begani na haluwa kilo mbili mkononi. Sikuambiwa nipeleke zawadi, lakini kwetu hauendi kwa watu mikono mitupu, hasa watu usiowajua.

Aliyekulia Likoni havuki kivuko kile bila kukumbuka. Agosti 1997 nilikuwa darasa la tatu. Usiku wa tarehe 13 kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri, askari wakauawa, kisha wakaanza kusakwa watu wa bara nyumba kwa nyumba. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki. Ugomvi ulikuwa wa siasa na ardhi, lakini huku kwetu mtu wa bara na mtu wa kanisa walihesabiwa kuwa mtu mmoja. Familia moja ya jirani zetu haikuwahi kufika kanisani. Bibi yangu aliwaingiza chumbani kwake, akaketi mlangoni na tasbihi yake siku mbili. Binti yao, rika langu, alilala chini ya kitanda cha bibi, na mimi nikalala naye ili asilie.

Binti yule sasa ni mama mchungaji. Aprili 2015, baada ya wauaji kuingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwatenga wanafunzi kwa dini, watu 148 wakapoteza maisha, sisi wawili ndio tulioita wanawake wa mtaa, wa msikiti na wa kanisa, tukae pamoja. Tulikaa. Tulifanya usafi, tukachanga vya mazishi, tukawapigia simu wazazi wa vijana tuliosikia wanapotea. Halafu kikundi kikapata fedha za mradi. Mwaka juzi kikavunjika.

Hakuna aliyemtukana Mtume, hakuna aliyemtukana Yesu. Kilichotuvunja ni swali la nani alitoa kiasi gani benki na risiti iko wapi. Mimi nilikuwa na risiti, yeye alikuwa na daftari, na hakuna aliyekubali kumwendea mwenzake kwanza.

Ndiyo maana naenda Mbale, mashariki ya Uganda. Nilisikia semina moja kwamba kule kuna wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo waliouza kahawa yao pamoja kwa miaka, na kahawa yao wakaiita Mirembe Kawomera. Kwa Kiganda, amani tamu. Wengine pale semina walipigia makofi jina. Mimi nilijiuliza nani alishika hela.

Treni ya asubuhi kutoka Miritini, kisha basi la usiku.

Alhamisi. Malaba, Tororo, Mbale

Mama mmoja alipanda Webuye kabla ya mapambazuko, akakaa kando yangu, akanisalimu: "Mulembe." Nilimjibu kama nilivyoweza. Akanieleza kwamba kwao Bukusu hiyo ndiyo salamu, maana yake amani, na nikivuka nitawakuta Wagisu wakisalimiana vivyo hivyo. Mulembe upande huu, mulembe upande ule, na Waganda wana mirembe yao. Nikaanza kuona kwamba jina la ile kahawa halikutungwa na mtu wa matangazo. Ni kama sisi tungeiita kahawa Salama.

Malaba tunavuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Upande wa Uganda matatu inaitwa teksi na mimi naitwa nyabo, yaani bibie. Mwamba wa Tororo ulisimama peke yake katikati ya nchi tambarare, kisha saa moja hivi mbele ukatokea Wanale, ukuta wa mlima wenye maporomoko membamba kama nyuzi nyeupe, na Mbale iko miguuni pake. Nyuma zaidi ni Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Teksi ilivuka Mto Nabuyonga, mto mdogo kwa kuutazama. Mwishoni mwa Julai 2022 ulifurika usiku na kuua watu hapa mjini.

Nimelala saa mbili.

Ijumaa. Namanyonyi na Nabugoye

Bodaboda ilinifikisha kwa mwenyeji wangu asubuhi, Namanyonyi, nje ya mji wa Mbale. Ni mzee wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, na shamba lake ni la migomba na mibuni iliyochanganyika, kama mashamba yote ya kule. Mjukuu wake wa kike ndiye aliyewasiliana nami. Nikamwamkia mzee kwa Kiswahili changu cha Pwani, kwa adabu yote niliyofundishwa: "Shikamoo, mzee wangu."

Akakaza uso. Akamwambia mjukuu jambo kwa Kiganda, na mjukuu akasita kabla ya kunitafsiria. "Jajja, babu yangu, anasema hiyo lugha anaijua. Ni ya wanajeshi."

Sina budi kueleza, kwa sababu sisi wa Pwani tumezoea kudhani Kiswahili kinapokelewa kila mahali kwa tabasamu. Uganda ya Idi Amin, 1971 hadi 1979, ilizungumza Kiswahili kwa mdomo wa askari. Ndicho kilichosikika kwenye vizuizi vya barabarani na milangoni usiku. Utawala huohuo ulipiga marufuku dini ya mzee huyu. Sinagogi zikafungwa, vitabu vikafichwa, na jamii iliyokuwa na watu kama 3,000 ikabaki na takriban 300, wengi wakiwa wamehamia Uislamu au Ukristo ili waishi. Yeye alikuwa kijana. Walisali ndani, kwa sauti ya chini.

Na hapa nimesimama mimi, mwanamke wa hijabu, ninaongea lugha ya Amin na kusali dini ya Amin. Sikuwa na neno la kusema. Nilipiga magoti, kama nilivyoona wanawake wa huku wakifanya, nikamwambia, "Mulembe."

Alinitazama kwa muda. Kisha akajibu mulembe, na akaniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: "Chukua kikapu. Leo ni nusu siku."

Nusu siku, kwa sababu ya jua. Sabato inaingia likizama. Tulichuma zile nyekundu tu, moja moja, ukizungusha kidogo tunda linaachia. Ya kijani ikiingia kikapuni mzee anaiona kwa mbali. Saa tano tukaanza kumenya. Mashine ni ya chuma, ya kuzungushwa kwa mkono: matunda yanamwagwa juu na maji, maganda mekundu yanatokea upande mmoja, mbegu zenye utelezi upande wa pili. Kahawa iliyochumwa leo lazima iondolewe ganda leo, ikilala na ganda lake inaharibika ladha. Mbegu zinaingia kwenye pipa kuchachuka mpaka kesho, kisha zinaoshwa.

Nilisimama na mpini wa mashine mkononi. Kesho ni Jumamosi. Nani ataosha?

Mzee alicheka nilipomuuliza, ila hakunijibu.

Adhuhuri nilisali na Waislamu wa kijiji, msikiti mdogo wa bati. Jioni nikapanda Nabugoye na mjukuu. Kilima kile ndicho kitovu cha Abayudaya, na sinagogi kubwa la sasa lilifunguliwa 2016. Historia yao haifanani na nyingine yoyote niijuayo. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya nchi, aliona amenyimwa ufalme aliotarajia kulipwa. Akaachana na dini ya wakubwa wale, akajisomea Agano la Kale mwenyewe, na 1919 akajitahiri pamoja na wanawe na wafuasi. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akasema basi wao ni Wayahudi. Alifariki 1928. Rabi wao wa leo, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles, akapata daraja ya urabi 2008, na 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, wakamchagua kuwa mbunge wao.

Mishumaa iliwashwa, zaburi zikaimbwa kwa Kiganda. Nilikaa upande wa wanawake. Sikuimba, ila maneno mengi niliyatambua. Shalom yao na salaam yangu zimetoka shina moja, hilo nililijua toka madrasa. Mulembe ndiyo niliyojifunza jana.

Jumamosi. Namanyonyi

Asubuhi mapema nilisikia maji. Nikatoka. Kwenye pipa la mzee kulikuwa na mwanamume wa makamo, kofia ya kiua kichwani, mikono ndani ya kahawa hadi kiwiko. Jirani, Mwislamu. Nilimtolea salamu, akaitika bila kusimama.

Nikakunja mikono ya baibui. Alinifundisha kupima. Unachota kiganja kimoja cha mbegu, unazisugua. Zikiteleza kama bamia bado. Zikikwaruza kama kokoto, tayari, na hapo huna saa nyingi za kusubiri, zikipitiliza zinanuka na harufu haitoki tena. Za mzee zilikuwa zinakwaruza. Tukazimwagia maji, tukazikoroga kwa mti mpana, povu la kahawia likapanda, tukamwaga, tukarudia mara nne mpaka maji yakatoka meupe. Mbegu zinazoelea zinatolewa kando, hizo hazina uzito. Mikono yangu ilinuka uchachu mtamu, kama unga wa mkate wa mofa uliolala.

Nilimuuliza kama mzee ndiye aliyempa kazi hii.

"Hawezi," akasema. "Sabato haimruhusu kunituma. Akinituma ni kama kafanya yeye."

"Sasa umejuaje?"

Akanishangaa. "Nilisikia mashine jana."

Nimekaa na jibu hilo siku nzima. Sisi kikundini tulikuwa na katiba ya kurasa kumi na mbili, na kamati ya uhusiano mwema. Huyu bwana alisikia mashine jana, akahesabu saa, akaja.

Baadaye mzee alirudi kutoka sinagogi amevaa shati jeupe. Aliipita kahawa iliyotandazwa kwenye vichanja, hakuigusa. Wakasalimiana wale wawili na kuulizana habari za ng'ombe. Hakuna aliyesema asante na hakuna aliyeonekana kuingoja. Tukala matoke na malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa karanga, chakula cha heshima cha Wagisu. Haluwa yangu ikafunguliwa. Mzee akauliza imepikwa na nini, kwa makini, kiungo kwa kiungo, mpaka akaridhika. Swali lilelile ningeuliza mimi kwake.

Jirani alinieleza na upande wake. Ijumaa akiwa msikitini, kama kuna kahawa yake kichanjani, mzee anaiangalia. Jumapili wawili hao wanaangalia ya mama mmoja wa kanisani, shamba la tatu baada ya mto. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kwa watu wa imani moja, siku ya ibada ni siku moja ambayo kila mtu hayupo. Hapa siku tatu zimefuatana, na kila siku wapo watu wawili wa kusimama.

Kwa kweli nilikuwa nimekuja na wazo kwamba nitasikia jinsi walivyoziweka dini kando ili wafanye kazi. Hakuna aliyeweka chochote kando. Kama mzee angelegeza Sabato yake, jirani asingekuwa na la kuja kufanya Jumamosi.

Jumapili. Kanisani

Yule mama wa shamba la tatu alinipitia. Ibada ya Kanisa la Uganda, ndefu, yenye nyimbo nzuri. Nilitambulishwa kama "dada yetu Mwislamu kutoka Mombasa", nikasimama, nikapungiwa mikono.

Katikati ya mahubiri dirisha likaingia giza. Kule milimani mvua haikutumii salamu, na kahawa inayokauka ikilowana tena inapata ukungu. Nilimtazama mama. Alikuwa ameona, maana macho yalienda dirishani mara moja. Akayarudisha kwenye Biblia yake. Mvua ikapiga bati mpaka mhubiri hakusikika, na mama yule hakutikisika.

Tulipofika kwake, vichanja vilikuwa vimefunikwa kwa turubai, mawe pembe zote nne.

Alasiri alinisimulia walivyoanza. Septemba 2001 Joab Jonadab Keki, mkulima na mwanamuziki wa Abayudaya, alikuwa New York, akielekea World Trade Center, siku ndege zilipoyagonga majengo yale. Aliona kwa macho yake watu wanavyokufa kwa mikono ya wenye kudai wanamtumikia Mungu. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu na Wakristo, akiwaambia waungane kabla chuki ile haijawafikia. Mwaka 2004 ushirika ukaundwa. Lakini mama alisisitiza jambo ambalo kwenye semina sikulisikia: wakati ule bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka vibaya, wachuuzi walikuwa wanapita mashambani wakinunua kwa bei ya dhuluma, na kila mkulima alikuwa peke yake mbele ya mizani ya mchuuzi.

"Alitukuta tuna njaa ya bei," akasema. "Tulikuja kwa ajili ya bei. Kupendana kulitukuta tuko foleni."

Mnunuzi hakupatikana kirahisi. Laura Wetzler, mwanamuziki Mmarekani aliyejitolea na shirika la Kiyahudi la Kulanu, alipiga simu kampuni baada ya kampuni, nyingi zikamkatalia, mpaka Paul Katzeff wa Thanksgiving Coffee, kampuni ya Fort Bragg, California, akakubali kununua kahawa yote. Ilinunuliwa kwa masharti ya biashara ya haki, bei ikapita ile ya wachuuzi, na wakulima waliokuwa mamia wakazidi elfu. Watoto wakalipiwa ada. Mtu wa Fort Bragg anayekunywa kikombe asubuhi, na mwanamke wa Namanyonyi anayetoa daftari la mtoto dukani, wakawa na biashara ya moja kwa moja. Huo nao ni ujirani, ingawa hawajaonana.

Jumatatu. Mizani

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Viti vya uongozi vya ushirika waligawana tangu mwanzo kati ya dini tatu, hilo nililisoma kabla sijatoka nyumbani. Sisi pia tuligawana. Mwenyekiti huku, mweka hazina kule. Kugawana viti hakukutusaidia, na nilitaka kuona ni nini kingine walikuwa nacho.

Majirani walikusanyika uani kwa mama na kahawa yao iliyokauka, watu kumi na wawili hivi. Mizani ilitundikwa kwenye tawi la mwembe. Kabla ya gunia la kwanza, kijana mmoja alitundika jiwe linalojulikana uzito wake, kila mtu akasogea kusoma mshale. Kisha wakaanza. Gunia linapanda, mwenye gunia anasoma kilo kwa sauti, mtu wa pili asiye wa nyumba yake anarudia kwa sauti, ndipo mwandishi anaandika. Kisha anasoma alichoandika, na watu wote wanaitikia. Sauti tatu kwa kila gunia. Bikizee mmoja hajui kusoma, na hesabu zake zote anazo kichwani kwa sababu amezisikia.

Daftari halikulala kwa mtu mmoja. Liliwekwa kwenye kasha, kasha lina kufuli, na funguo si kwa mwenye kasha.

Nilimuuliza mama kama hawaaminiani.

Hakukasirika. "Mwanangu, nampenda yule mzee kuliko ndugu zangu wengine. Sitaki siku moja nilale nikimshuku. Ndiyo maana tunasoma kwa sauti."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kikundini kwetu, kuuliza risiti kulikuwa matusi. Tulinyamaza kwa sababu ya kupendana, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, kila mmoja akimeza swali lake kwa heshima ya mwenziwe, na maswali yalipotoka yalitoka yote siku moja, yameoza. Mimi ndiye niliyesema neno "mwizi". Nililisema mbele ya watu, kwa msichana niliyelala naye chini ya kitanda. Hata leo sijui kama aliiba. Nakumbuka tu kwamba sikuwahi kumwomba daftari.

Jioni mzee alinisindikiza hadi barabarani. Alinipa kilo moja ya kahawa iliyokobolewa, haijakaangwa. "Mkaange nyumbani kwenu," akasema, "mnajua kahawa nyinyi." Nikamwambia Pwani tunaikaanga mpaka inakuwa nyeusi, tunainywa chungu, na haluwa. Akasema sasa ameelewa haluwa ile ilikuwa ya nini.

Kisha akaniambia, "Shikamoo nilijua inavyojibiwa. Siku ile sikutaka." Akajibu: "Marahaba."

Jumanne. Nairobi, Miritini, Likoni

Malaba usiku, Nairobi alfajiri, treni. Kahawa ile nimeipakata njia nzima.

Kwenye feri ya jioni nilisimama ukingoni. Nilikuwa nimeandika ujumbe mara tatu tangu Voi na kuufuta mara tatu. Mwisho nikapiga simu. Iliita sana. Alipopokea hakusema halo, alisema jina langu tu.

Nikamwambia nilimwita mwizi bila kusoma daftari, na kwamba sikuwa na haki. Kelele za injini zilikuwa nyingi, ikabidi niirudie kwa sauti, abiria wakageuka.

Akanyamaza. Nikamuuliza kama daftari bado analo.

"Ninalo."

"Njoo nalo kesho. Mimi nitatoa risiti zote, tuzisome moja moja, kwa sauti. Waite na wenzetu wanaotaka kusikia. Nina na kahawa."

Alikaa kimya mpaka feri ikagusa ng'ambo na watu wakaanza kusukumana. Ndipo akauliza saa ngapi.